Mungwana ni nani? Neno moja na maana zake katika inchi ya Ubwari

Katika maandiko ya zamani juu ya Ubwari, Fizi na Baraka neno moja linarudi mara nyingi: mungwana. Msomaji hulipita upesi, akidhani analijua. Lakini watu wa sheria, wa msafara, wa dini na wa elimu ya lugha hawakulitumia kwa maana moja. Tuzitazame maana hizo moja moja.

1. Katika sheria. Huko pwani, Unguja na Lamu, ambako husemwa muungwana, neno hili lilitaja mtu aliyezaliwa huru. Kinyume chake ni mtumwa. Sheria ya Kiislamu iliangalia kuzaliwa: hata mtoto ambaye suria alimzalia bwana wake alihesabiwa huru kama baba yake. Mtumwa aliyeachwa na bwana wake aliitwa huru, lakini machoni pa wenye mji hakuwa amezaliwa mungwana. Na kwa kuwa mtu wa ukoo huru alitazamiwa kuwa na adabu, neno likapata maana ya pili, ya tabia: uungwana ni upole, heshima na kutimiza ahadi.

2. Katika msafara. Burton na Speke walipofika Ubwari mwaka 1858, wakitoka Ujiji, njia ya misafara ilikwisha kufika ziwani. Stanley naye, katika safari yake ya 1874 hadi 1877, aliwaita wapagazi na askari wake wa Unguja wangwana. Lakini wengi wa namna hiyo walikuwa bado watumwa kwa sheria, na sehemu ya mshahara wao ilikuwa ya bwana aliyebaki pwani. Mbali na pwani ni nani angewauliza baba zao walikuwa nani? Kanzu, bunduki na Kiswahili vilitosha.

Baadaye watu wa Manyema na wa kando ya ziwa, hata wale waliotekwa wakiwa watoto na kulelewa kati ya watu wa Tippu Tip au Rumaliza, wakajiita wangwana nao. Hapa ndipo penye uchungu. Jina la mtu huru likavaliwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuwanyang'anya wengine uhuru, na wengi wao walikuwa wamenyang'anywa uhuru wao kwanza. Kwa mama aliyeona kijiji chake kikiungua, mungwana hakuwa mtu wa adabu: alikuwa mtu wa bunduki.

3. Katika dini. Mapadri Weupe walifungua misioni ya Masanze, karibu na Ubwari, mwaka 1880, na ya Kibanga mwaka 1883. Wakakomboa watumwa, hasa watoto, wakawakalisha katika vijiji vya misioni. Mwaka 1893 Kibanga ikaachwa. Watu hao waliokombolewa walikuwa huru kweli. Lakini jina mungwana halikuwafaa, kwa maana huku kwetu lilikuwa linageuka kuwa jina la Waislamu. Basi mtu aliyepata uhuru kwa Mapadri hakuitwa kwa neno la uhuru, na mtumwa aliyebaki na bunduki ya bwana wake aliitwa kwalo.

Vita vya Serikali ya Leopold II, tangu 1892 hadi 1894, vilivunja nguvu za wakubwa wa biashara ya watumwa. Wafuasi wao walibaki katika inchi, wakalima, wakavua samaki, wakajenga misikiti. Wabelgiji waliwaandika kwa Kifaransa arabisés, ni kusema watu waliofuata desturi za Kiarabu. Wana wao ni jirani zetu. Haifai kuwatwika makosa ya bunduki za zamani kwa sababu tu ya jina.

4. Katika elimu ya lugha. Kwa wamisionari na maofisa wa Kongo, Kingwana kilikuwa Kiswahili cha inchi hii. John Whitehead alitoa kitabu cha kufundisha Kingwana huko Wayika, kwenye Lualaba, mwaka 1928. Lakini mtu wa Dar es Salaam akisikia kiungwana hafikiri lugha, anafikiri adabu. Mfratri wa Fizi akisoma katika kitabu cha kule kwamba fulani alijibu kiungwana, asidhani kwamba alibadili lugha.

Basi tufanye nini? Anayesoma maandiko ya kale aulize kwanza: ni nani anayesema, na ni mwaka gani? Wangwana wa Stanley sio wangwana wa hati za Wabelgiji, wala hao sio wangwana wa kadhi wa Unguja.

Na mkatekista awe na uangalifu zaidi. Katika Biblia ya Kiswahili iliyoitwa Union Version, ya mwaka 1952, Waraka kwa Wagalatia sura ya 4 unatumia neno mwungwana kwa Sara, mke huru wa Abrahamu, akitofautishwa na mjakazi. Likisomwa mbele ya wasikilizaji wa Baraka bila maelezo, watasikia kwamba mama wa Isaka alikuwa Mwislamu, na fundisho la Mtakatifu Paulo juu ya uhuru litapotea njiani. Mkatekista aseme wazi: hapa mwungwana ni mtu huru. Halafu awakumbushe kwamba katika inchi hii, karibu na ziwa hili, waliishi watu walionunuliwa ili wawe huru, nao hawakupewa jina hilo.