Malenga Wasioonana: Udugu wa Watunzi Katika Magazeti ya Tanganyika

Kujibizana kwa mashairi ni desturi ya kale katika pwani yetu. Mapema katika karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walipelekeana tungo wakati miji yao ilipokuwa katika uhasama. Walikuwa mahasimu, lakini hapana awezaye kulijibu shairi kwa vina na mizani pasipo kwanza kulisikiliza kwa makini.

Mwaka 1923 desturi hiyo ilipata uwanja mpya. Mwezi wa Januari Serikali ya Tanganyika ilianza kuchapa Mambo Leo, gazeti la kila mwezi lililotolewa na Idara ya Elimu mjini Dar es Salaam. Serikali ilikusudia kueneza habari na mafundisho. Wasomaji nao wakaleta mashairi. Karani au mwalimu aliyekaa mbali aliweza kupeleka fumbo lake, akangoja mpaka mtu asiyemjua alifumbue. Wengine walijificha nyuma ya lakabu. Hivyo mtunzi aliweza kujulikana kwa mkono wake kabla hajajulikana kwa uso.

Udugu huo ulikuwa na thamani gani? Tuwatazame waliotokea humo na katika magazeti yaliyofuata. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hata 1944. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa Mgogo na Mkatoliki, ilhali utungaji wa Kiswahili ulikuwa umelelewa na Waislamu wa pwani kwa karne nyingi. Amri Abedi alizaliwa Ujiji mwaka 1924. Ni kweli kwamba Ujiji ulikwisha pokea lugha na mila za pwani kwa njia ya misafara. Hata hivyo, hapo kale mtu wa bara asingeweza kwa wepesi kuhukumiwa kwa beti zake tu, bila kuulizwa nasaba yake. Kitabu cha Amri, Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954, chaweza kusomwa kama tunda la hali hiyo: watu wasioonana huhitaji sheria iliyoandikwa, kwa kuwa hawawezi kuketi pamoja mbele ya mwalimu mmoja.

Lakini mlango huo ulikuwa na bawabu wake. Gazeti lilikuwa la Serikali, na kalamu ya mwisho ilikuwa ya mhariri. Aidha, Kiunguja kilichaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Kimvita na Kiamu, lahaja za Muyaka na Zahidi, zikawa kama wageni katika nyumba zilizoijenga wenyewe. Udugu uliowakaribisha watu wa bara uliwasogeza kando baadhi ya wenyeji.

Yafaa basi watafiti wakumbuke jambo moja. Diwani hukusanya tungo za mtu mmoja. Mara nyingi shairi lililoulizwa, au lililojibu, hubaki nje. Asomaye diwani peke yake husikia nusu ya mazungumzo, akadhani ni sauti ya mtu aliyekuwa akinena na nafsi yake. Nusu ya pili imo katika kurasa za magazeti, nazo zinachakaa. Anayetaka kuandika historia ya ushairi wetu hana budi kuanzia huko.