Picha za Nzige katika Nchi ya Turkana

Atokaye Lodwar kwenda Eliye Springs hupita mchanga mtupu mpaka aione mikoma ya ufuoni mwa Ziwa Turkana. Mchanga wa namna hiyo, ulowapo mvua, ndio autakao nzige jike kutaga mayai yake. Mwaka 2020 nzige wa jangwani waliivamia Turkana, uvamizi ambao Kenya haikuuona mfano wake kwa miaka 70, na wafugaji wakahofia malisho ya mbuzi na ngamia.

Basi mtu akisema, “Nimeona nzige,” hajasema jambo kubwa bado. Je, ni tunutu wasioruka? Wazima? Rangi ndiyo ushahidi: wa waridi hajakomaa, wa manjano yu tayari kuzaa. Kwa hiyo mwaka ule Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, walitoa programu ya simu iitwayo eLocust3m. Asiyepata kushika kamera aliweza kumpiga mdudu picha, nayo simu ikaandika mahali penyewe.

Wakati mwema ni alfajiri, nzige wangali wamezizima mitini. Jua likipanda huruka, wala hawamngoji mpiga picha.