Ufa, Nishati na Kompyuta: Swali la Griffith na Safari Yake

Kitenzi cha Kiswahili «kupasuka» hubeba mambo mawili ambayo wahandisi walichukua muda mrefu kuyatenganisha: kuzaliwa kwa ufa, na kuendelea kwake. Methali ya ufa na ukuta, ambayo kila msomaji wetu anaijua, yaelekea jambo la pili. Haiulizi ukuta una nguvu kiasi gani, bali ufa umefika wapi. Katika sayansi ya vifaa vya ujenzi swali hilo lina historia ya miaka mia moja na zaidi, nayo si historia iliyonyooka.

Mwaka 1913 Mwingereza Charles Inglis alionyesha kwa hesabu kwamba mkazo, yaani nguvu inayobebwa na kila kipimo cha eneo, huongezeka penye ukingo wa tundu, na kadiri ncha ya tundu inavyochongoka ndivyo mkazo unavyozidi. Hesabu hiyo ikifuatwa hadi mwisho, ncha kali kabisa ina mkazo usio na kikomo. Basi kitu chochote chenye ufa mwembamba kingevunjika kwa kuguswa tu. Nasi twaona kwamba sivyo. A. A. Griffith, mtafiti katika taasisi ya ndege ya Farnborough, alitoka katika mtego huo kwa kubadili swali. Katika makala yake ya mwaka 1921 aliuliza juu ya nishati. Ufa ukirefuka, kitu hulegea na kuachia nishati iliyohifadhiwa ndani yake. Lakini nyuso mbili mpya zinazozaliwa nazo hudai nishati. Ufa huendelea pale tu ambapo kinachoachiwa chatosha kulipa kinachodaiwa. Hivyo ufa ukirefuka mara nne, mkazo unaotosha kuuendesha hupungua hadi nusu.

Griffith alijaribu kioo. Wajenzi walitumia chuma, wakampita. Tarehe 16 Januari 1943 meli ya mafuta Schenectady, ikiwa imefungwa bandarini Portland, Marekani, kwenye maji matulivu, ilikatika karibu vipande viwili. Bamba zake zililehemiwa, kwa hiyo ufa haukukuta ukingo wa bamba wa kuuzuia kama katika meli za ribiti. Baada ya vita George Irwin, katika maabara ya jeshi la majini la Marekani, aliongeza katika hesabu ile nishati inayoliwa na chuma kinapolegea na kubadili umbo penye ncha. Hapo ndipo nadharia ya kioo ilipowafaa wajenzi wa chuma.

Mwaka 1954 ndege mbili za Comet zilipasuka angani, tarehe 10 Januari na 8 Aprili, zikaua watu 35 na 21. Ndege ya tatu ilitumbukizwa katika tangi la maji, ikajazwa shinikizo na kupunguziwa tena na tena mpaka mwili wake ukapasuka. Jaribio hilo lilifanyika Farnborough, pale pale alipofanyia kazi Griffith. Mwaka 1961 Paul Paris na wenzake walitoa kanuni ya kasi ya ufa chini ya mizigo inayorudiarudia. Majarida matatu makubwa yaliikataa, ikachapishwa katika jarida la Chuo Kikuu cha Washington. (Majarida madogo ya vyuo yasidharauliwe.)

Kompyuta ilipokuja, kosa la zamani lilirudi kwa mlango mwingine. Mbinu yake ni kugawa kitu katika wavu wa vipande vidogo na kukadiria mkazo wa kila kipande. Tangu mwaka 1968, wengi walichukua njia rahisi ya Y. R. Rashid: mkazo wa kipande ukipita kiwango fulani, kipande hicho huhesabiwa kuwa kimepasuka. Lakini kadiri vipande vinavyopungua ukubwa, ndivyo vinavyokaribia ile ncha ya Inglis, na ndivyo boriti inavyoonekana dhaifu. Watafiti wawili, boriti moja, nyavu mbili, majibu mawili! Kwa maoni yetu hatari hapo ni kubwa kuliko ya kukosa hesabu, maana jibu latokana na mkono wa mhesabuji, wala si zege.

Dawa ilitolewa mwaka 1976 na Arne Hillerborg, Mats Modéer na Per-Erik Petersson wa Lund, Uswidi. Waliuwekea ufa wa zege deni maalumu la nishati kwa kila kipimo cha uso mpya, hata wavu uwe mwembamba kiasi gani. Mwaka 1998 Wafaransa Gilles Francfort na Jean-Jacques Marigo walikwenda mbali zaidi: njia nzima ya ufa itafutwe kwa kupunguza jumla ya nishati. Ni Griffith yule yule, safari hii akiruhusiwa kuchagua njia.

Limebaki jambo moja gumu. Mizani ya Griffith yahitaji ufa uliopo. Haielezi vizuri ufa unavyozaliwa katika kitu kizima, na hapo wahesabuji hulazimika kurudisha kiwango cha mkazo pamoja na nishati. Kwa sababu hiyo twapendekeza istilahi mbili: «mwanzo wa ufa» na «ukuaji wa ufa», na «kupasuka» kuachiwe lugha ya kila siku.