Pendekezo la Utafiti Tanzania: Kutoka UTAFITI hadi COSTECH

Mwaka 1968 Tanzania iliunda Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, lililofahamika kwa jina fupi la UTAFITI. Sheria Na. 7 ya mwaka 1986 ilianzisha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyochukua nafasi yake. Mtafiti kutoka nje huomba kibali cha tume hiyo kwa pendekezo linaloeleza tatizo, malengo na mbinu. Sehemu ya mbinu ndiyo inayostahili jasho jingi zaidi: malengo hupambwa kwa urahisi, lakini namna ya kuwapata watoa taarifa na kuchambua data haifichiki. Utafiti wa tiba hupitiwa pia kimaadili na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979.