Yakobo na Wajina Wake

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kuwa Rebeka alijifungua mapacha. Esau alitangulia, mwekundu, mwili mzima nywele. Mdogo wake akafuata, mkono umeshika kisigino cha kaka. Huyo akaitwa Yakobo, kwa Kiebrania Ya'akov, jina linalokaribiana na akev, yaani kisigino.

Walioandika Agano Jipya kwa Kigiriki walimwita babu huyo wa Waisraeli Iakob, bila kuongeza kitu. Lakini jina la Mayahudi wa zama za Yesu, kama mtume Yakobo mwana wa Zebedayo, likatiwa mwisho wa Kigiriki: Iakobos. Kilatini kikasema Iacobus, kisha midomo ya watu ikageuza b kuwa m, likatokea Iacomus.

Hapo ukoo ukatawanyika. Waitalia wana Giacomo, Wafaransa Jacques, Wakatalani Jaume, na Waingereza wakapokea James kupitia Kifaransa cha kale. Wahispania waliliunga jina na neno "mtakatifu", wakapata Santiago. Mji wa Santiago de Compostela umekuwa ukipokea mahujaji tangu Zama za Kati, wakienda kuzuru kaburi linaloaminiwa kuwa la mtume Yakobo. Mwaka 1541 Pedro de Valdivia aliupa mji wake mpya jina hilohilo, na leo ndio mji mkuu wa Chile.

Huko Uskoti, James lilikuwa jina la kifalme. Mwaka 1603 James wa Sita alirithi pia kiti cha Uingereza, akawa James wa Kwanza huko. Raia walimwita James, lakini sarafu zake zilipigwa chapa IACOBVS. Jamestown ya Virginia, iliyoanzishwa mwaka 1607, ilipewa jina lake, na tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611 inajulikana kwa jina lake hadi leo. Mjukuu wake, James wa Pili, alipopoteza ufalme mwaka 1688, waliobaki upande wa ukoo wake waliitwa Wajakobaiti, kutokana na Kilatini kilekile. Jeshi lao lilivunjwa katika vita vya Culloden mwaka 1746.

Waarabu wanasema Yaqub. Mwanafalsafa mkubwa wa karne ya 9, al-Kindi, aliitwa Abu Yusuf Yaqub bin Is-haq: baba wa Yusuf, mwana wa Is-haka, nasaba ya mababu watatu ndani ya jina la mtu mmoja. Uislamu ndio ulioleta Yakubu katika pwani yetu, kabla Biblia ya Kiswahili haijaleta Yakobo.

Biblia hiyo inastahili sifa. Msomaji wa Kiingereza hukuta Jacob katika Mwanzo na James katika Waraka wa Yakobo, akadhani ni majina mawili. Katika Kiswahili mwana wa Isaka na mwandishi wa Waraka wote ni Yakobo, herufi kwa herufi. Yakobo wa Dodoma, Yakubu wa Lamu na James wa Nairobi ni wajina.