Mstari D: Kutoka Moto wa Chumvi hadi Hewa ya Sayari za Mbali

Mwaka 1814, katika iliyokuwa nyumba ya watawa huko Benediktbeuern, Bavaria, fundi wa vioo Joseph Fraunhofer aliupitisha mwanga wa Jua kwenye mche wa kioo, akauchungulia kwa darubini. Rangi zilijipanga kuanzia nyekundu hadi zambarau, ila zilikatwakatwa na mistari myeusi. Alihesabu zaidi ya 500, na ile mikuu akaipa herufi. Uliokuwa kwenye manjano aliuita D. Alipoielekeza darubini kwenye sayari ya Zuhura alikuta mistari ya Jua ile ile. Kwenye nyota ya Sirius alikuta mingine. Alifariki mwaka 1826 akiwa na miaka 39, maana ya mistari ile ikiwa bado haijajulikana.

Jibu lilipatikana Heidelberg mwaka 1859. Wanasayansi Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walijua kwamba chumvi ikitiwa motoni, moto hutoa manjano makali, mahali pale pale pa D. Kirchhoff alipoupitisha mwanga mkali wa Jua kwenye moto huo, D haikung'aa. Ilizidi kuwa nyeusi. Ikadhihirika kwamba gesi hufyonza rangi zile zile ambazo yenyewe hutoa ikiwaka. D ni alama ya sodiamu, nayo sodiamu imo katika hewa ya Jua.

Kutoka hapo njia inaruka zaidi ya karne nzima. Mwaka 1999 mwanaastronomia David Charbonneau na wenzake, kwa darubini yenye kipenyo cha sentimita 10 tu, waliona nyota HD 209458 ikififia kwa takriban asilimia 1.5. Sayari kubwa kama Mshtarii ilikuwa ikipita mbele yake, na hurudi kila baada ya siku 3.5. Mwaka uliofuata wanaastronomia Sara Seager na Dimitar Sasselov walikokotoa kwamba sehemu ndogo ya mwanga wa nyota hupenya ukingo wa angahewa ya sayari kama hiyo, na gesi zilizomo huuachia alama. Kwenye rangi ambayo gesi hufyonza, sayari huonekana kubwa kidogo zaidi. Waliitaja sodiamu.

Mwaka 2001 Charbonneau, akitumia darubini ya Hubble, alitangaza kwamba sayari ile ya HD 209458 ilipopita, kwenye D mwanga ulipungua zaidi kwa sehemu 2 hivi kati ya 10,000. Vipimo vya baadaye vimeitilia shaka alama hiyo, na ndivyo sayansi inavyopaswa kwenda. Mbinu yenyewe ilisimama. Mwaka 2022 darubini ya James Webb ilipoichunguza WASP-39b, sayari yenye uzito wa karibu na Zohali, iliyo umbali wa miaka ya nuru 700 hivi, ilikuta hewa ukaa, mvuke wa maji, salfa dayoksaidi, na sodiamu.

Ninachojifunza katika njia hii ni heshima kwa anayeandika kwa uaminifu kile asichokielewa bado. Fraunhofer angeipuuza mistari ile kama kasoro ya kioo, Kirchhoff angekosa cha kufafanua. Shuleni kwetu wanafunzi wa kemia hutia chumvi motoni, wakaandika "manjano" daftarini, somo likaisha. Mwalimu na awaongezee jambo moja: kwa rangi hiyo hiyo binadamu ameijua hewa ya sayari ambayo hakuna atakayeifikia.