Kutoka Damu ya Sindano Hadi Mate ya Kichupa

Idi iliyopita jamaa wengi waliniuliza kwa nini wazee wetu walitemeshwa mate katika vichupa, na wapo walionung'unika kuwa ni utovu wa adabu. Nimeombwa nieleze jambo hili limetoka wapi.

Asili yake ni mji wa Leicester, hapa hapa Uingereza. Tarehe 10 Septemba 1984, Alec Jeffreys wa chuo kikuu cha mji ule aligundua kuwa zipo alama za vinasaba zinazomtambulisha kila mtu, na kwamba mtoto huzirithi kwa baba na mama. Kesi ya kwanza haikuwa ya mwizi wala muuaji, bali ya wahamiaji kama sisi. Mwaka 1985 kijana mmoja mwenye asili ya Ghana alizuiliwa kurejea kwa mama yake, kwani wakubwa wa uhamiaji hawakusadiki kuwa ni mwanawe. Damu ikapimwa, mama akaonekana kuwa ndiye, na kijana akaruhusiwa kukaa.

Zama zile hapana budi itolewe damu kwa sindano. Njia ya kunakili vinasaba, aliyoibuni Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, ndiyo iliyofanya chembe chache za shavuni zitoshe. Ndipo mwaka 2000 FamilyTreeDNA ya Houston ikaanza kuwauzia watu vijiti vya kusugulia shavu, vikienda na kurudi kwa posta. Mwaka 2007 wakaja 23andMe na kichupa cha mate kwa dola 999. Kufika mwisho wa 2012 bei ilikuwa dola 99.

Kazi yenyewe ni nyepesi kwa kijana, nzito kwa mzee. Kwa nusu saa mtu asile, asinywe, asivute. Mate yafike kwenye mstari, na povu halihesabiwi. Kisha kifuniko hufungwa, dawa iliyomo ikachanganyika, kikatikiswa. Bi Mkubwa wetu tambuu haimtoki kinywani, na nusu saa ile ilikuwa kama saumu ya pili. Mzee akikaukiwa mate, msugueni mashavu kwa nje taratibu, au tumieni kijiti.

Haya nayajua kwa majuto. Ami yetu, mwanamume wa mwisho wa tumbo lake, tulimkaribisha kahawa kwanza, kama ilivyo desturi, na tukampa kichupa papo hapo. Baada ya wiki sita jawabu likaja kuwa mate hayakufaa, tutume mengine. Yeye tulikuwa tumekwisha mzika. Alama ile ipitayo kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume tu, kwa upande wake imepotea.

Tena tusijidanganye na shajara zetu. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wa makaburi ya pwani kama Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Upande wa baba, wengi walielekea Uajemi. Upande wa mama, takriban wote Afrika. Wazee wetu waliotuhesabia mababu kumi hawakusema uongo, ila waliacha nusu ya khabari.

Lakini asitemeshwe mtu bila ridhaa yake. Ufaransa sheria inakataza kabisa kujipima hivi. Mwaka huo huo wa 2023 wezi walizipata khabari za wateja wapatao milioni 6.9 wa 23andMe, na Machi 2025 kampuni hiyo iliomba himaya ya mahakama kwa kufilisika. Mate ya mmoja husema juu ya ndugu zake wote, waliotaka na wasiotaka.

Bi Mkubwa alituuliza tunatafuta nini. Tulipomwambia, alinyamaza kitambo, kisha akataka tuilete shajara. Bibi yake mzaa mama, aliyeletwa kutoka bara akiwa mtoto, hakuwamo. Alitutajia jina, akasimamia mpaka likaandikwa kwa wino, ndipo akatema tambuu yake na kuanza kuhesabu nusu saa.